Utatuzi wa Matatizo ya Mtandao: Intaneti Inayokatika-katika kwenye Kompyuta ya Zamani

Baada ya kusoma sehemu hii, mtahiniwa aweze:
(a) kueleza maana ya intaneti inayokatika-katika;
(b) kutaja viungo ambavyo taarifa hupitia kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye tovuti;
(c) kubaini kiungo chenye hitilafu kwa kutumia majaribio;
(d) kueleza sababu zinazohusu kompyuta za zamani na namna ya kuziondoa.

Utangulizi

Mtahiniwa wa leo anahitaji intaneti kabla na baada ya mtihani. Kabla ya mtihani anasoma vitabu kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Baada ya matokeo anaingia kwenye mfumo wa Selform wa Ofisi ya Rais – TAMISEMI kubadili tahasusi, na dirisha la kufanya hivyo huwa na mwisho. Intaneti ikikatika siku ya mwisho, hasara yake si ndogo.

Nyumba nyingi zina kompyuta ya zamani iliyonunuliwa ikiwa imetumika. Inapokata mtandao, wengi hukimbilia kulaumu kampuni ya simu, kununua bando jingine au kumpa fundi kompyuta aifute na kuipanga upya. Mara nyingine hatua hizo zote hazigusi tatizo. Sehemu hii inafundisha jambo moja: tafuta kwanza kiungo kilichoharibika, ndipo utengeneze. Hata pale ambapo jibu la mtihani linaandikwa kwa Kiingereza, mantiki ni hii hii.

1. Maana ya tatizo

Intaneti inayokatika-katika ni ile inayopatikana kwa muda, ikapotea, kisha ikarudi yenyewe au baada ya kuwasha vifaa upya. Usiichanganye na matatizo mawili yanayofanana nayo:

- Intaneti isiyopatikana kabisa: haikuwahi kuunganishwa tangu kifaa kilipowashwa. Mara nyingi nywila si sahihi, bando limekwisha au waya haukuchomekwa.
- Intaneti ya taratibu: ipo muda wote, lakini kurasa huchelewa kufunguka.

Tofauti hii ina maana kubwa. Kitu kinachofanya kazi kisha kikaacha hakijafa. Kuna jambo linalokisumbua kwa vipindi. Kwa hiyo swali la kwanza ni "Hukatika lini?" Hukatika jioni tu? Hukatika umeme unapoyumba? Hukatika kompyuta ikikaa bila kutumiwa? Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya hitilafu hii ni muda wake.

2. Viungo vya safari ya taarifa

Tuchukulie nyumba iliyoko Kata ya Magomeni, Wilaya ya Kilosa. Ndani kuna kompyuta ya mezani ya zamani na ruta ndogo inayotumia laini ya simu. Mwanafunzi anapofungua ukurasa, taarifa hupitia viungo vitano:

(i) Kompyuta yenyewe, yaani kadi ya mtandao, programu kiendeshi cha kadi hiyo, mfumo endeshi na kivinjari.
(ii) Njia kati ya kompyuta na ruta, ambayo huwa ni waya au mawimbi ya Wi-Fi.
(iii) Ruta pamoja na umeme unaoiwasha.
(iv) Njia kati ya ruta na mnara wa mtoa huduma.
(v) Njia kuu: kutoka mnarani kupitia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hadi Dar es Salaam, kisha kwenye nyaya za chini ya bahari hadi kwenye seva nje ya nchi.

Kiungo kimoja kikikatika, safari nzima inakatika, na kwenye skrini ya mwanafunzi ujumbe ni ule ule: hakuna intaneti. Ndiyo maana kutazama ujumbe wa kivinjari peke yake hakutoshi.

3. Sababu za kukatika

3.1 Sababu zilizo nje ya kompyuta

Mawimbi hafifu kutoka mnarani. Kilosa ipo chini ya milima ya Ukaguru na Rubeho, na kilima kikiwa kati ya nyumba na mnara hupunguza nguvu ya mawimbi. Paa la bati nalo hurudisha mawimbi, hivyo ruta iliyowekwa katikati ya nyumba hupokea kidogo kuliko iliyo dirishani.

Umeme. Umeme ukipungua kwa sekunde chache, taa ya chumbani hufifia tu, lakini ruta huzima na kujiwasha upya. Utaitambua hali hii kwa kuangalia taa za ruta: zote huzimika, kisha huwaka moja baada ya nyingine. Chaja isiyo ya ruta hiyo huleta tatizo lile lile. Ruta inayohitaji volti 12 haitatulia kwenye chaja ya volti 9 hata kama pini yake inaingia.

Bando. Bando linapokwisha, alama ya Wi-Fi hubaki kwenye kompyuta kwa sababu ruta bado inarusha mawimbi. Kilichokatika ni huduma ya mtoa huduma. Kompyuta huweza kumaliza bando bila mtumiaji kujua inapopakua masasisho yenyewe.

Msongamano wa Wi-Fi. Wi-Fi ya masafa ya gigahezi 2.4 hutumiwa na ruta nyingi, Bluetooth na jiko la maikrowevu. Kompyuta nyingi za zamani hazina masafa mengine, yaani gigahezi 5, ambayo hayana msongamano mkubwa.

3.2 Sababu zinazohusu kompyuta ya zamani

Kuokoa umeme. Mfumo wa Windows una mpangilio unaoruhusu kadi ya mtandao kuzimwa kompyuta isipotumiwa. Kadi ya zamani huzimwa vizuri lakini hushindwa kuamka. Dalili yake ni kwamba mtandao hupotea baada ya kuiacha kompyuta kwa muda.

Kiendeshi kisichooana na mfumo. Kiendeshi ni programu inayouwezesha mfumo endeshi kukiamuru kifaa. Kompyuta iliyotoka kiwandani na Windows 7, kisha ikawekewa Windows 10, huenda ikatumia kiendeshi cha jumla badala ya kile kilichotengenezwa kwa kadi yake.

Umri wa mfumo endeshi. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020 na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mfumo ulioachwa unaendelea kuwaka, lakini mianya yake ya usalama haizibwi na virusi hupata nafasi. Virusi vinaweza kula bando na kuvuruga mipangilio ya mtandao.

Saa ya kompyuta. Kwenye ubao mama kuna betri ndogo ya duara, aghalabu aina ya CR2032 ya volti 3, inayotunza tarehe umeme unapozimwa. Ikichoka, kompyuta hurudi kwenye tarehe ya miaka ya nyuma. Tovuti salama hutumia vyeti vya kidijiti vyenye tarehe ya kuanza na kuisha. Kompyuta inayodhani ni mwaka 2009 huviona vyeti vya leo kuwa batili, na hukataa kufungua tovuti. Mtumiaji husema intaneti imekatika, kumbe iliyokosea ni saa. Vyeti vyenyewe pia huzeeka: tarehe 30 Septemba 2021 cheti kikuu kilichotumiwa na tovuti nyingi duniani kilifika mwisho wake, na vifaa vingi visivyosasishwa vikashindwa kufungua tovuti hizo ingawa mtandao ulikuwapo.

Joto, vumbi na matundu yaliyolegea. Kifaa cha Wi-Fi kinachochomekwa kwenye tundu la USB hupata joto kikitumika kwa muda mrefu. Tundu likilegea, mguso mdogo hukikata.

4. Hatua za kubaini kiungo chenye hitilafu

Kanuni mbili zitangulie. Kwanza, badili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadili vitatu na tatizo likaisha, hutajua kipi kilikuwa kibovu. Pili, andika saa na matokeo ya kila jaribio kwenye daftari.

Hatua ya 1: Linganisha na simu. Unganisha simu kwenye Wi-Fi ile ile na uzime data ya simu yenyewe. Subiri kompyuta ikatike. Simu ikiendelea kupata intaneti, tatizo lipo kiungo (i) au (ii). Vyote viwili vikikatika pamoja, tatizo lipo kiungo (iii) hadi (v). Jaribio hili halina gharama na linapunguza kazi karibu nusu.

Hatua ya 2: Tazama taa za ruta wakati wa kukatika. Zikizimika zote, kagua umeme na chaja. Zikibaki zinawaka isipokuwa ile ya mtandao wa simu, tatizo ni mawimbi ya mnara au huduma.

Hatua ya 3: Kagua bando na tarehe. Angalia salio la bando, kisha angalia tarehe na saa ya kompyuta kwenye kona ya skrini.

Hatua ya 4: Soma anwani ya kompyuta. Fungua dirisha la amri, andika ipconfig, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Majibu yataonyesha anwani ya IP ya kompyuta na anwani ya lango, yaani ruta, kwa mfano 192.168.1.1. Anwani ya kompyuta ikianza na 169.254, maana yake kompyuta imejipa anwani yenyewe baada ya kukosa kupewa na ruta. Kiungo cha kuchunguza ni kile kilicho kati ya vifaa hivyo viwili.

Hatua ya 5: Pima kila kiungo kwa amri ya ping. Amri hii hutuma ujumbe mfupi na kusubiri jibu. Ipime safari kuanzia karibu kwenda mbali:

- ping 127.0.0.1 hupima programu za mtandao ndani ya kompyuta.
- ping 192.168.1.1 (au anwani ya lango lako) hupima njia hadi kwenye ruta. Jaribio hili halitumii bando.
- ping 8.8.8.8 hupima njia hadi kwenye seva ya Google iliyo nje ya nyumba.
- ping ikifuatiwa na jina la tovuti hupima pia seva ya majina, ambayo hugeuza jina kuwa namba. Namba ikijibu lakini jina likakataliwa kwa maelezo kuwa halikupatikana, tatizo ni seva ya majina, si mawimbi.

Hatua ya 6: Tumia waya. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya wa mtandao. Mtandao ukitulia, Wi-Fi ndiyo yenye tatizo.

Hatua ya 7: Rekebisha ulichokibaini, kisha rudia jaribio lile lile ili kuthibitisha. Marekebisho yasiyopimwa ni kubahatisha.

5. Mfano uliofanyiwa kazi

Swali: Kompyuta ya mezani ya zamani inatumia kifaa cha Wi-Fi kilichochomekwa kwenye tundu la USB la nyuma. Mtandao hukatika mara kwa mara, lakini simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyo haikatiki. Mwanafunzi alituma ujumbe 100 kwa lango kwa amri ping -n 100 192.168.1.1 na kupata majibu 82. Alipotumia waya alipata majibu 100. Kokotoa upotevu katika kila jaribio, kisha eleza tatizo na suluhisho.

Njia:
Upotevu = (uliotumwa − uliojibiwa) ÷ uliotumwa × 100
Kwa Wi-Fi: (100 − 82) ÷ 100 × 100 = asilimia 18
Kwa waya: (100 − 100) ÷ 100 × 100 = asilimia 0

Maelezo: Simu haikatiki, kwa hiyo ruta, mnara na mtoa huduma hawahusiki. Waya haupotezi ujumbe, kwa hiyo mfumo wa kompyuta unaweza kuwasiliana vizuri. Kilichobaki ni Wi-Fi ya kompyuta. Kifaa kikiwa nyuma, kasha la chuma la kompyuta husimama kati yake na ruta na kuzuia mawimbi. Suluhisho la kwanza ni kukihamishia tundu la mbele au kutumia waya mfupi wa USB ili kiinuke juu ya meza.

Nyongeza ya swali: Baada ya kuhamisha kifaa, majibu yalikuwa 99 kati ya 100. Hata hivyo, mwanafunzi akisoma daftari kwa dakika 20 na kurudi kwenye kompyuta, hukuta mtandao umepotea. Kwa nini ping haikuonyesha tatizo hili?

Maelezo: Amri ya ping hutuma ujumbe karibu kila sekunde, hivyo kifaa hakipati nafasi ya kulala. Tatizo la pili ni mpangilio wa kuokoa umeme. Suluhisho ni kufungua orodha ya vifaa vya kompyuta, kuchagua kadi ya mtandao, kuingia kwenye sehemu ya usimamizi wa umeme na kuondoa alama inayoruhusu kompyuta kukizima kifaa hicho. Kisha kompyuta iachwe tena kwa dakika 20 ili kuthibitisha.

Jifunze hapa mambo mawili. Dalili moja inaweza kuwa na sababu mbili, na kila jaribio lina jambo ambalo haliwezi kuliona.

6. Hitilafu inapokuwa mbali na nyumbani

Tarehe 12 Mei 2024 watumiaji wa intaneti nchini Tanzania na katika nchi jirani walijikuta na huduma dhaifu kwa wakati mmoja. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikuwa zimekatika kwenye njia ya kuelekea Afrika Kusini. Nyaya hizi ndizo zilizobadili intaneti ya ukanda huu: SEACOM ilianza kutoa huduma Julai 2009 na EASSy mwaka 2010. Kabla yake, Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti ambazo zilikuwa ghali na za taratibu.

Siku kama hiyo, mtu wa Magomeni angeweza kubadili ruta, kununua bando la kampuni nyingine na kuifuta kompyuta yake bila kupata nafuu. Dalili ya hitilafu ya kiungo (v) ni hii: ping kwa lango inajibu kikamilifu, simu nayo inasumbua, na majirani wanaotumia kampuni tofauti wana shida ile ile. Hapo suluhisho ni kusubiri, au kufanya kazi isiyohitaji mtandao.

Majirani wakiwa salama na ni laini yako tu inayokatika, wasiliana na mtoa huduma ukiwa na daftari lako: tarehe, saa, hali ya taa za ruta na matokeo ya ping. Maelezo ya namna hiyo humsaidia fundi kuliko kusema "mtandao ni mbovu". Usiporidhika na majibu ya mtoa huduma, unaweza kupeleka malalamiko Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambayo husimamia sekta hii.

7. Makosa ya kuepuka

- Kuanza na suluhisho kabla ya jaribio. Kuweka mfumo endeshi upya kuwe hatua ya mwisho, na mafaili yote yahifadhiwe kwanza kwenye flashi au diski nyingine.
- Kupakua kiendeshi kutoka tovuti isiyojulikana. Tumia tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta au kadi.
- Kubadili betri ya ubao mama kompyuta ikiwa kwenye umeme. Chomoa waya wa umeme kwanza.
- Kudhani kuwa alama ya Wi-Fi ina maana ya intaneti. Alama hiyo huonyesha muunganiko wa kompyuta na ruta tu.
- Katika mtihani, kuorodhesha suluhisho bila kueleza jaribio lililolithibitisha. Swali linalosema "bainisha na ueleze" linahitaji vyote viwili.

8. Maswali ya kujipima

1. Kompyuta na simu hupoteza intaneti kwa wakati mmoja kila umeme unapoyumba, na taa zote za ruta huzimika. Taja kiungo chenye tatizo na upendekeze suluhisho moja.
2. ping 8.8.8.8 inajibu, lakini ping kwa jina la tovuti haipati anwani. Eleza maana yake.
3. Kompyuta inaonyesha mwaka 2009 kila inapowashwa na inakataa kufungua tovuti salama. Eleza sababu na hatua za kuchukua.
4. Mwanafunzi alituma ujumbe 50 kwa lango na kupata majibu 44. Kokotoa upotevu.
5. Kwa nini inashauriwa kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja?

Mwongozo wa majibu

1. Kiungo (iii), ruta na umeme wake. Tumia kifaa cha kutunza umeme kwa muda, na hakikisha chaja ni ya volti zinazotakiwa na ruta.
2. Njia ya kwenda nje ni nzima. Seva ya majina haijibu au imewekwa vibaya kwenye mipangilio. Weka anwani ya seva nyingine ya majina, kisha pima tena.
3. Betri ya ubao mama imechoka, hivyo vyeti vya tovuti vinaonekana batili. Chomoa umeme, weka betri mpya ya aina ile ile, rekebisha tarehe, kisha jaribu tovuti.
4. (50 − 44) ÷ 50 × 100 = asilimia 12.
5. Ili kujua kwa uhakika ni badiliko gani lililoondoa tatizo, na kurahisisha kurudisha hali ya awali badiliko lisiposaidia.

Zingatia: Usisubiri siku ya mwisho ya kujaza fomu ndipo upime mtandao wa nyumbani. Fanya hatua ya 1 hadi ya 5 wiki hii. Muda wake haufiki nusu saa.